Mjane na Binti Baada ya Msiba: Qur'ani, Katiba na Hukumu ya Mwanza ya Mwaka 1990



Sifa njema zote ni za Allah (s.w.t.), na rehma na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), ahli zake na Maswahaba zake wote. Ama baada ya hayo.

Chukua mfano wa nyumba moja. Wakazi wa Ukerewe, Ukara, Kome na Maisome wataitambua, kwa sababu karibu kila kijiji kinayo. Mume alikuwa mvuvi. Ameacha mtumbwi, injini, nyavu za dagaa, shamba la mihogo lenye michungwa michache, na nyumba ya bati karibu na mwalo. Ameacha pia mke, watoto wawili wa kiume na binti mmoja. Eda haijaisha, ndugu wa marehemu wanakaa kikao na kumwambia mjane kuwa kwa mila yao mwanamke harithi: mtumbwi utachukuliwa na baba mdogo, shamba ni la ukoo, na yeye akitaka kubaki arithiwe na shemeji.

Mjane anakwenda kwa sheikh, anaambiwa ana thumuni yake. Anakwenda kwa mwenyekiti wa kijiji, anaambiwa hayo ni mambo ya ukoo. Anakutana na msaidizi wa kisheria, anaambiwa ana haki za binadamu na aende mahakamani. Anarudi nyumbani na majibu matatu na hajui ashike lipi. Wapo pia wanaomtia hofu kuwa akishika hilo la tatu atakuwa ameiacha dini yake.

Makala hii inakusudia kueleza majibu hayo matatu yanavyohusiana: haki za binadamu ziliingiaje katika sheria za nchi yetu, zimemsaidia vipi mwanamke wa kando ya ziwa hili, na familia ya Kiislamu ifanye nini ili haki ambayo Allah amempa mwanamke isipotee mikononi mwa mila.

Kesi ya kwanza ilikuwa Madina

Kabla ya kuzungumzia Katiba na mahakama, tukumbuke kisa kilichopokewa na Imam Abu Daud, Tirmidhi na Ibn Majah. Baada ya vita vya Uhud, mke wa Sahaba Saad bin Rabii alimwendea Mtume (s.a.w.) akiwa na mabinti wake wawili. Alishitaki kuwa baba yao ameuawa shahidi, na ami yao amechukua mali yote bila kuwaachia kitu, nao hawawezi kuolewa bila mali. Mtume (s.a.w.) akamwambia kuwa Allah atahukumu juu ya jambo hilo. Ikateremka aya ya mirathi, naye akamwita yule ami na kumwamuru awape mabinti wawili thuluthi mbili, mama yao thumuni, na kinachobaki ndicho chake.

Angalia jinsi kisa kile kinavyofanana na nyumba yetu ya kisiwani. Kuna mjane, kuna mabinti, na kuna ami aliyeshika mali kwa desturi ya zama zake. Desturi ile ilimpa mali anayeweza kupanda farasi na kupigana. Uislamu uliivunja. Aya ya 7 ya Suratun-Nisaa ilithibitisha kuwa wanawake nao wana fungu katika wanachoacha wazazi na jamaa, kiwe kidogo au kingi. Aya ya 11 na ya 12 zikataja mafungu yenyewe. Na aya ya 19 ikakataza kuwarithi wanawake kwa nguvu, kana kwamba mjane naye ni sehemu ya mali.

Kwa hiyo anayemwambia mjane wa Kiislamu kuwa mwanamke harithi hazungumzi kwa niaba ya dini. Anarudisha desturi ambayo Qur'ani iliiondoa.

Kesi iliyofika Mahakama Kuu Mwanza

Sasa tuje kwenye sheria za nchi. Tanganyika ilipopata uhuru ilikuwa na mila nyingi za mirathi. Mwaka 1963 mila za makabila yanayofuata upande wa baba ziliandikwa pamoja katika Tamko la Sheria za Mila, zikawa zinatumika mahakamani katika wilaya nyingi. Kanuni zake za urithi ziliweka madaraja. Mtoto wa kiume wa kwanza ana fungu kubwa zaidi, wanafuata watoto wengine wa kiume, na mabinti ni daraja la mwisho. Binti aliruhusiwa kuitumia ardhi ya ukoo maisha yake yote, lakini si kuiuza. Mjane hakuwa na fungu ikiwa marehemu ameacha jamaa wa ukoo wake. Fungu lake lilielezwa kuwa ni kutunzwa na watoto wake.

Wakati huohuo nchi ilikuwa imeingia katika makubaliano na mataifa mengine. Azimio la Ulimwengu la Haki za Binadamu la mwaka 1948 lilitamka kuwa binadamu wote ni sawa mbele ya sheria. Mwaka 1984 Katiba yetu ilirekebishwa na kuingizwa sura ya haki za msingi, ambazo wananchi waliweza kuzidai mahakamani kuanzia mwaka 1988. Mwaka 1985 Tanzania iliridhia Mkataba wa Kuondoa Aina Zote za Ubaguzi Dhidi ya Wanawake.

Maneno hayo yangeweza kubaki kwenye makaratasi. Yaliyoyatoa huko ni shauri la mwanamke mmoja wa Wilaya ya Muleba, ng'ambo ya ziwa, mkoani Kagera. Katika vitabu vya sheria linajulikana kama kesi ya Bernardo Ephrahim dhidi ya Holaria Pastory. Bi Holaria alirithi ardhi ya ukoo kutoka kwa baba yake kwa wosia halali. Alipozeeka na kuona hana wa kumtunza, mwezi Agosti 1988 aliiuza kwa shilingi 300,000 kwa mtu asiye wa ukoo. Siku moja baadaye jamaa wa ukoo alifungua shauri Mahakama ya Mwanzo, akidai mauzo ni batili kwa kuwa kwa mila ya Kihaya mwanamke hana uwezo wa kuuza ardhi ya ukoo. Mahakama ya Mwanzo ikakubaliana naye. Mahakama ya Wilaya ikatengua. Shauri likavuka ziwa hadi Mahakama Kuu Mwanza, mbele ya Jaji James Mwalusanya.

Mwezi Februari 1990 Jaji alitoa hukumu. Alieleza kuwa Katiba inakataza ubaguzi, na kwamba nchi imeridhia mikataba inayokataza ubaguzi dhidi ya wanawake, hivyo haiwezekani mwanamume aruhusiwe kuuza ardhi ya ukoo na mwanamke akatazwe kwa sababu tu ni mwanamke. Sheria ya mwaka 1984 iliyoanzisha utekelezaji wa haki hizo iliwapa majaji uwezo wa kuzisoma sheria za zamani kwa kuzirekebisha zikubaliane na Katiba. Kwa uwezo huo aliamua kuwa wanawake na wanaume sasa wana haki sawa katika jambo hilo. Ukoo haukupoteza kila kitu: uliruhusiwa kuikomboa ardhi kwa kumrudishia mnunuzi shilingi 300,000 zake, kama ambavyo ungefanya endapo muuzaji angekuwa mwanamume.

Hiyo ndiyo njia ambayo haki za binadamu hupita mpaka kumfikia mwanamke wa kijijini. Mkataba unasainiwa mbali, Katiba inaubeba, na siku moja mtu mwenye shida halisi anasimama mbele ya hakimu na kuomba maneno hayo yafanye kazi.

Sheria zilizofuata

Baada ya hapo Bunge nalo lilichukua hatua. Sheria ya Ardhi na Sheria ya Ardhi ya Vijiji, zote za mwaka 1999, zilitamka kuwa haki ya mwanamke kupata, kumiliki, kutumia na kuuza ardhi ni sawa na ya mwanamume. Ile ya vijiji ikaongeza kuwa mila yoyote inayomnyima mwanamke, mtoto au mwenye ulemavu haki ya ardhi ni batili. Hati ya hakimiliki ya kimila inaweza kuandikwa majina ya mume na mke. Mwaka 2000 neno jinsia likaongezwa katika ibara ya 13 ya Katiba, miongoni mwa mambo ambayo mtu hapaswi kubaguliwa kwayo. Mwaka 2007 Tanzania iliridhia Itifaki ya Maputo, mkataba wa Afrika kuhusu haki za wanawake, unaotaka mjane apate fungu la haki katika mali ya mumewe na aendelee kuishi katika nyumba ya ndoa.

Ipo pia Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, ambayo kifungu chake cha 68 wengi hawakijui. Kinasema kuwa mjane yuko huru kuishi popote apendapo, kubaki bila kuolewa, au kuolewa na mtu amtakaye mwenyewe, hata kama mila inasema vinginevyo. Hapa Bunge na aya ya 19 ya Suratun-Nisaa vimekutana: mjane harithiwi.

Lakini tusidhani kazi imekwisha. Hukumu ya Mwanza ilihusu uwezo wa binti kuuza ardhi. Kanuni zinazomnyima mjane fungu zilibaki. Wajane wawili wa Kisukuma kutoka Shinyanga, waliotolewa katika nyumba zao na jamaa wa waume zao, walizipinga Mahakama Kuu. Mwaka 2006 Mahakama ilikiri kuwa kanuni hizo zinabagua, lakini ikakataa kuzifuta. Rufaa yao ilitupwa mwaka 2010 kwa kasoro ya nyaraka. Wakapeleka malalamiko kwenye Kamati ya Umoja wa Mataifa inayosimamia mkataba ule wa kuondoa ubaguzi dhidi ya wanawake. Mwaka 2015 Kamati ilisema kuwa haki zao zimevunjwa, na ikaitaka nchi iwalipe fidia na kuzirekebisha kanuni hizo. Kwa hiyo mila ya mwaka 1963 ina nguvu bado mahali ambapo hakuna anayeipinga.

Kwa nini jambo hili linamhusu Muislamu

Msomaji anaweza kuuliza: sisi ni Waislamu, mila ya ukoo inatuhusu nini? Inatuhusu kwa sababu Tanzania Bara ina sheria tatu za mirathi: ya Kiislamu, ya kimila, na ya kiserikali iliyorithiwa kutoka India ya wakoloni. Kwa Mwafrika wa jamii yenye mila zake, sheria huanza kwa kudhani kuwa mirathi yake itafuata mila. Itafuata Uislamu endapo mahakama itaridhika, kwa maneno ya marehemu, matendo yake au namna alivyoishi, kuwa alikusudia mali yake igawanywe kwa sheria ya Kiislamu.

Jina la Kiislamu peke yake linaweza lisitoshe. Hakimu atauliza: alikuwa akiswali? Alifunga ndoa kwa sheikh? Amezikwa vipi? Aliwahi kusema au kuandika lolote? Ndugu wanaotaka mila watasema marehemu aliishi kimila. Mjane asiye na ushahidi anaweza kupoteza thumuni yake hapo hapo, hali mumewe alikuwa akisimama safu ya mbele kila Ijumaa.

Ndugu zetu wa Unguja na Pemba wana Mahakama ya Kadhi inayotambuliwa na serikali yao. Huku Bara kadhi na masheikh wa BAKWATA hutoa mwongozo, husuluhisha na kufanya hesabu ya mafungu, lakini amri yenye nguvu ya kumrudishia mjane nyumba hutoka mahakamani. Kwa hiyo tunahitaji vyote viwili: elimu ya sheikh na muhuri wa hakimu.

Je, haki za binadamu zinapingana na Sharia?

Tusijidanganye kuwa mambo haya yanalingana kila mahali. Mikataba ya kimataifa inazungumzia mwanamume na mwanamke kurithi sawa. Qur'ani imempa mtoto wa kiume fungu la mabinti wawili, na ikamwekea mwanamume wajibu wa mahari na nafaka ambao binti hana. Muislamu hana mamlaka ya kubadili mafungu aliyoyataja Allah, na sheria ya nchi haimlazimishi kuyabadili.

Lakini mjane wa kisiwani leo halii kwa sababu amepewa thumuni. Analia kwa sababu amepewa sifuri. Binti halalamiki kuwa kaka yake amepata mara mbili. Analalamika kuwa kaka na ami wamegawana na yeye hakuitwa. Katika hali hiyo Qur'ani na Katiba zote mbili ziko upande wake, na anayempinga ni mila.

Tuone kwa hesabu. Tuseme baada ya gharama za mazishi na madeni, mali ya mvuvi wetu imekuwa na thamani ya shilingi 24,000,000, na wazazi wake walishatangulia. Mke ana thumuni, yaani 3,000,000. Zinabaki 21,000,000, ambazo zinagawanywa mafungu matano: kila mtoto wa kiume mawili, binti moja. Kila mtoto wa kiume anapata 8,400,000 na binti 4,200,000. Ami hapati kitu, kwa sababu watoto wa kiume wamemzuia. Huyo aliyetaka kuondoka na mtumbwi ndiye asiye na fungu.

Na kabla ya kugawa, kitolewe kilicho cha mke mwenyewe. Akina mama wengi wa mialoni hununua dagaa, huwaanika na kuwauza, na fedha hiyo ndiyo iliyonunua injini au mabati. Aya ya 32 ya Suratun-Nisaa inathibitisha kuwa mwanamke ana fungu katika alichokichuma. Sheria ya Ndoa nayo inamtambua mke kuwa na mali yake mwenyewe. Mali yake si mirathi ya mumewe.

Je, mjane akienda mahakamani ameiacha dini?

La. Kudai fungu ambalo Allah amekupa si kuiacha Sharia. Mke wa Saad alishitaki, na Mtume (s.a.w.) hakumkemea.

Lililo haramu ni kuchukua kisicho chako, hata kwa hukumu ya hakimu. Katika hadithi ya Ummu Salama, iliyopokewa na Bukhari na Muslim, Mtume (s.a.w.) ameonya kuwa yeye huhukumu kwa anayoyasikia, na anayehukumiwa haki ya mwenzake kwa ufasaha wa maneno yake amekatiwa kipande cha moto. Ami anayeshinda kwa kutumia mila dhidi ya mjane wa Kiislamu aisome hadithi hiyo. Mjane anayepewa zaidi ya fungu lake naye aisome. Na anayekula mali ya mayatima arejee aya ya 10 ya Suratun-Nisaa, aone anachokijaza tumboni mwake.

Nini kifanyike

Kwanza, andika wosia. Mtume (s.a.w.) amehimiza kuwa Muislamu mwenye kitu cha kuusia asilale siku mbili bila wosia wake kuandikwa. Tuliopo visiwani tunajua mauti hayabishi hodi: tarehe 20 Septemba 2018 kivuko cha MV Nyerere kilipinduka karibu na Ukara na zaidi ya watu 220 wakafariki dunia, wengi wao wakitoka gulioni. Katika wosia tamka wazi kuwa wewe ni Muislamu na unataka mali yako igawanywe kwa sheria ya Kiislamu. Orodhesha mali na madeni. Taja kilicho cha mkeo. Weka mashahidi. Usiusie zaidi ya thuluthi, wala usimuusie mrithi.

Pili, tunza nyaraka: cheti cha ndoa, vyeti vya kuzaliwa vya watoto, risiti za injini na nyavu, hati ya shamba. Panapowezekana, jina la mke liandikwe katika hati.

Tatu, msiba ukitokea, chukueni cheti cha kifo na fanyeni kikao cha familia kitakachopendekeza msimamizi wa mirathi. Mjane na mabinti wahudhurie na majina yao yaandikwe katika muhtasari. Kisha ombi lipelekwe Mahakama ya Mwanzo ya mahali alipokuwa akiishi marehemu. Msimamizi si mrithi wa kila kitu. Ni mwaminifu anayekusanya, anayelipa madeni na anayegawa, na anatakiwa kuwasilisha mahakamani orodha ya mali na madeni ndani ya miezi minne. Mjane mwenyewe anaweza kuteuliwa, na mwenye wasiwasi anaweza kuweka pingamizi.

Nne, msimtoe mjane nyumbani. Yuko katika eda ya miezi minne na siku kumi, na eda hukaliwa katika nyumba ya mumewe.

Tano, tafuteni msaada mapema. Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 inawatambua wasaidizi wa kisheria wanaohudumia bila malipo. Jijini Mwanza shirika la Kivulini limekuwa likitetea haki za wanawake. Na masheikh wetu wakubali kufika mahakamani kutoa ushahidi kuwa marehemu aliishi Kiislamu. Ushahidi huo ni amana, na aya ya 283 ya Suratul-Baqara inakataza kuuficha.

Ndugu Muislamu, mjane wa Saad hakuwa na Katiba wala mkataba. Alikuwa na mlango wa Mtume (s.a.w.), na ulifunguliwa. Leo mjane wa jirani yako anaanza kwa kubisha mlango wako na wa imamu wako. Tukimfungulia na kumpa fungu lake, hatahitaji kuvuka maji kwenda kulitafuta kwingine.

Wallahu a'lam. Wabillahi tawfiq.